Neno Nililolijua Karatasi Ikishakunjwa

Zuhura mwanangu,

Mungu akutangulie huko Ulaya, mengine yafuate. Mambo ya koti, soksi za sufu, dawa ya kifua na namba za watu wa kupigiwa simu, mamako ameshakueleza wiki nzima, na mimi nikiyarudia atasema namwingilia kazi yake. Nayaacha. Alasiri imeshasaliwa, wewe umetoka na shangazi yako kupita nyumba kwa nyumba kuaga, na mimi nimefunga duka mapema. Nimeisogeza cherehani pembeni, nimekaa kwenye meza ya kushonea. Umezoea kuniona nikiandika kwa chaki juu ya kitambaa. Leo naandika kwa kalamu, na vidole vinalalamika.

Ndani kwa mamako yuko Bi Khadija wa Mkokoni. Ulimwona mchana alivyoingia na kile kikapu, amepanda boti tangu asubuhi kuja kukuaga wewe tu. Mamako akamwambia mizigo yako imeshapimwa na haina nafasi hata ya sindano, naye akaendelea kutoa vitu kikapuni kana kwamba hakusikia. Kisha akakushika mkono mbele ya kina mama wote akasema, "Babako alitusomea karatasi yetu kwa roho safi, mimi na marehemu mume wangu. Nawe huko wendako wasomee watu vivyo hivyo." Ukalia. Mimi nikatoka nje kama mtu aliyeitwa, na hakuna aliyeniita.

Nina jambo la kumwambia yule mama. Limenikaa rohoni miaka tisa, na kesho asubuhi anarudi kwao. Sijui kama nitaweza. Ndiyo maana nalijaribu kwako kwanza, kwa kuwa wewe umeshanizoea katika ujinga wangu mwingine, na umeniona hata nikicheza kandanda.

Nianze mbali kidogo. Watu wa mtaa wetu wa Langoni wanadhani nilisomeshwa Kiingereza na Wazungu, na mimi sikuwahi kuwakatalia. Ukweli ni kwamba niliacha shule mapema, nikaenda kisiwani Kiwayu kufanya kazi ya stoo kwenye hoteli ndogo ya wageni. Kulikuwa na mgeni mmoja aliyeondoka akaacha kamusi iliyoingia maji ya bahari. Ilikuwa imevimba kama andazi, na kuanzia herufi ya S kurasa zilikuwa zimegandana, hazifunguki. Mpaka leo maneno yanayoanza na herufi za mwisho nayajua kwa kubahatisha. Mgeni akisema neno nisilolijua nilikuwa natabasamu, naliweka kichwani, nalikimbiza mpaka stoo kabla halijaniponyoka, nalitafuta nikiwa nimejificha kati ya magunia ya mchele. Nikirudi nje nalijua. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniona sijui. Nilijivunia sana jambo hilo, na hapo ndipo maradhi yangu yalipoanza.

Lakini maneno ya kamusini yalikuwa mepesi. Yaliyonishinda ni yale ambayo kila neno nalijua na bado sielewi wamesema nini. Walikuja mzee mmoja na mkewe, watu wapole, wakakaa siku kumi. Asubuhi nilikuwa nawapelekea maji ya moto. Siku ya kuondoka yule bibi akanishika mkono, akaniambia lazima nije kwao, lazima kabisa, akaniandikia na anwani. Nikarudi nyumbani nikamwambia bibi yako, Mungu amrehemu. Akanunua maembe mabichi, akatia achari chupa mbili, akatangaza mtaani kuwa mwanawe anakwenda Ulaya. Nami nikaandika barua kuuliza nije mwezi gani, na kama ni bora nije kabla ya Ramadhani au baada yake. Ikarudi kadi yenye picha ya kondoo. Waliandika kwamba wamefurahi mno kusikia habari zangu, na kwamba kwao kunanyesha.

"Wamesemaye?" bibi yako akaniuliza.

"Wamesema kwao mvua."

"Basi subiri ikatike."

Achari tuliila wenyewe mpaka ikaisha. Niliwakasirikia Wazungu mwaka mzima, nikiwaona wanafiki, mpaka siku moja nilipopita mahali watu wanakula barazani wakaniambia, "Karibu tule," nami nikajibu, "Mwanzo mwema, kuleni," nikaendelea na safari yangu. Nilifika mbali kidogo kabla sijasimama. Hatukuwa tofauti na wao. Sisi nasi tuna maneno ya kumfurahisha mpita njia, na mgeni angeyachukua yalivyo angekaa akanawa mikono. Kwa hiyo usiwadharau. Ukiwauliza hali watakwambia "not too bad", na maana yake wamefurahi kama watu wa harusini. Wakisema chakula chako ni "interesting", usiwapikie tena. Ukiwakanyaga, wao ndio watakaokuomba samahani. Na akitaka kukata simu, mtu atakwambia anakuacha wewe uende, hali umekaa kitandani huna pa kwenda. Utacheka, kisha utazoea, kisha siku moja utajisikia ukisema vivyo hivyo.

Moja tu ndilo la kuangalia. Wale wazee utakaowatunza huko kazini, ukiwauliza wanajisikiaje, wengi watakwambia "I'm fine". Hata kama ameshika ubavu. Usiliandike hilo kwenye karatasi ukaondoka. Wewe ni mtoto wa Lamu, umekulia kwa watu wanaojibu "Alhamdulillahi" na homa iko kichwani, basi unajua pa kutazama.

Nilipomuoa mamako nikaacha Kiwayu, nikarudi Langoni nikajifunza kushona. Ndipo karatasi zikaanza kuja. Barua za shule, maelezo ya dawa, mikataba ya nyumba, ujumbe wa simu kutoka kwa watoto walioko Arabuni na mabosi wao. Siku hizi simu inatafsiri, lakini wazee wetu hawaiamini simu, wanaamini uso wa mtu. Wakaniita mkalimani. Nilikuwa na namna yangu ya kufanya kazi ile, na sijawahi kumwambia mtu. Nikikuta neno nisilolijua, naliandika kwa chaki pembeni mwa meza, chini ya kitambaa, kana kwamba naandika kipimo cha suruali. Karatasi naieleza kwa ujumla, neno lile naliruka. Mteja akishatoka, nafungua droo natoa kamusi. Kama neno ni jepesi, nalifuta yakaisha. Kama ni zito, jioni napita kwa mwenyewe nasema, "Ile karatasi yako, bwana, kuna kitu nilisahau kukwambia." Watu walinipenda kwa hilo. Fundi Omari anakufuata mpaka nyumbani. Unaona nilivyopanga? Kusahau si aibu. Kutojua ndiko nilikokuona aibu.

Sasa nakuja kwa marehemu Shee.

Bi Khadija ni mtoto wa hapa Langoni, aliolewa Mkokoni na Shee, mvuvi, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu Shee alipoanza kuumwa tumbo. Wakampeleka hospitali Mombasa, wakakaa huko wiki kadhaa, kisha daktari akawaambia kwa upole kwamba yaliyoweza kufanywa yameshafanywa, waende nyumbani. Kwetu mtu akiambiwa aende nyumbani, amepona. Wakashuka hapa na karatasi yao, wakaja moja kwa moja dukani kwangu.

Sikukuu ilikuwa karibu na duka limejaa. Nilikuwa nampima suruali mwalimu mmoja kijana, mgeni kutoka bara, mwalimu wa Kiingereza. Shee akakaa nje barazani kwa kuwa kusimama kulimchosha. Alikuwa amekonda kama ng'onda. Bi Khadija akanipa karatasi. Nikaisoma yote kimya, na karibu yote niliielewa, isipokuwa neno moja lililoandikwa mara mbili, na mara ya pili limepigiwa mstari: "palliative".

Nilijua kwamba hilo ndilo neno lenyewe. Nataka ulijue hilo, mwanangu, kwa sababu nimeshajaribu kujidanganya kwamba sikujua. Mtu akisoma karatasi mia huanza kuhisi uzito uko wapi. Droo ilikuwa gotini pangu. Mwalimu alikuwa amesimama mbele yangu, futi yangu kiunoni mwake, ningemuuliza angenijibu kabla sijamaliza kuuliza. Lakini kulikuwa na watu watano dukani, na wote walikuwa wakiningoja mimi, na mimi niliona nikiuliza mbele ya mwalimu jina langu limekwisha. Nikaandika neno kwa chaki. Nikasema, "Wanasema aendelee kutunzwa nyumbani. Apumzike, ale anachokitaka, na maumivu yakizidi kuna dawa hizi hapa."

"Wasemaye?" Shee akauliza kutoka nje.

"Nyumbani," Bi Khadija akamwambia. "Na ule utakacho."

"Alhamdulillahi. Basi ntakula nguru."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Bi Khadija akaikunja karatasi mara nne akaifunga kwenye pembe ya leso, akaniombea dua, wakaondoka.

Mwalimu alipotoka nikafungua droo. Kamusi ilisema ni matunzo ya kumpunguzia mgonjwa maumivu pale ambapo ugonjwa wenyewe hauna tena tiba. Nikasoma mara tatu nikidhani nimekosea mstari. Kisha nikakaa na mkasi mkononi, na suruali ya mwalimu nikaikata vibaya.

Walikuwa hawajasafiri. Walilala kwa dada yake Bi Khadija, vichochoro viwili kutoka hapa, na boti yao ilikuwa kesho yake mchana. Magharibi nikaenda. Niliyapanga maneno njiani. Nikawakuta uani, Shee na sahani ya nguru mapajani, akila kidogo kidogo na kusimulia. Akanikaribisha, nikakaa, nikanawa. Alikuwa akisema habari za nduguye Athmani, aliyeko Kiwayu. Walikuwa hawasemezani mwaka wa nne, kwa ugomvi wa minazi ya mama yao, na kati ya Mkokoni na Kiwayu ni maji ya kuvuka kidogo tu, watu hupelekeana hata ndimu.

"Nikipata nguvu, la kwanza ni kuvuka kwa Athmani," akasema Shee. "Lakini siendi nikiwa hivi. Atadhani nimekuya kutaka huruma. Nitakwenda na nguvu zangu, tutazamane sawasawa."

"Inshallah," wakasema wote. Nami nikasema inshallah.

Ile hila yangu ikanikatalia pale pale. Ningesemaje? Bwana Shee, kuna kitu nilisahau kukwambia? Mtu hasahau kitu kama kile. Ili kumwambia, ilinibidi niseme kwamba mchana nilisoma neno nisilolijua nikapita juu yake, mbele ya watu, na kwamba yeye na mkewe wanamshukuru Mungu kwa habari nusu. Nikala matonge mawili, nikaaga. Njiani nikajiambia mimi si daktari. Nikajiambia uhai na mauti ni vya Mungu. Nikajiambia afadhali mtu aishi na matumaini kuliko kuvunjwa moyo na fundi cherehani. Zuhura, maneno hayo yote matatu ni ya kweli, na mimi nilijificha nyuma yake kama nilivyokuwa nikijificha nyuma ya magunia.

Shee hakumaliza miezi miwili. Hakuvuka, na hakumwita mtu, kwa kuwa alikuwa akingoja nguvu. Mimi nilikwenda Mkokoni kwa mazishi. Athmani alifika kaburi likiwa limeshafukiwa, kikoi kimelowa mpaka magotini, viatu mkononi. Hakulia pale. Siku ya hitima alisimama mlangoni akamuuliza mjane kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Mbona hakuna alonambia?"

Bi Khadija akamjibu kutoka nyuma ya pazia. "Hatukuyua, Athmani. Wallahi hatukuyua. Karatasi ilisema apumzike tu."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na juzuu mkononi. Nilikuwa na maneno ya kusema, na watu wa kuyasikia walikuwa wote wawili pale. Nikainamisha kichwa kama ninayesoma, na ukurasa sikuugeuza mpaka wenzangu walipomaliza.

Tangu hapo nilibadilisha kitu kimoja, nikaiweka kamusi juu ya meza. Ulikuwa mtoto, ukaniuliza, "Baba, mbona siku hizi wafungua kitabu mbele ya watu?" nikakwambia ili nisikosee. Wazee wakanitania kwamba Kiingereza kimeniisha, nikawaambia uzee huo. Hata hapo sikusema kweli. Na Bi Khadija akaendelea kutuletea papa mkavu kila Ramadhani, akaendelea kuniletea karatasi zake, akamsifu mbele ya watu mtu aliyemnyima mumewe kuagana na nduguye. Unakumbuka ulikuwa ukiuliza kwa nini sili papa. Nilikuwa nakwambia una chumvi.

Sijakuandikia haya ili nikufundishe kutafuta maneno. Hilo unalijua kuliko mimi, na simu yako haijaingia maji ya bahari. Utapewa karatasi huko, na utaambiwa mambo na wakubwa wako kwa haraka, kwa lafudhi ambayo hata mwalimu wangu wa suruali asingeielewa. Kuna maneno hutayajua, na wala siogopi hilo. Kutojua kwangu kulidumu muda wa mteja kutoka dukani tu. Naogopa kile kilichokuja baadaye, pale unapokuwa umeshalijua neno, mtu yuko vichochoro viwili tu, na kurudi kwake ni lazima upitie aibu yako mwenyewe. Siku hiyo ikikufika, na itakufika, nenda ukiwa bado una aibu. Mimi nilingoja iishe, na haikuisha.

Naweka kalamu hapa. Namsikia Bi Khadija ndani akimcheka mamako. Nikirudi nitakumalizia, na kama sijaweza kumwambia nitaichana barua hii na kesho nitakupa mkono tu kama baba wengine.

Nimerudi.

Nilimwomba mamako asitoke. Walikuwa wanachambua mchele kwenye ungo. Nikakaa chini mlangoni, nikaanza, na yalitoka ovyo kuliko nilivyokuandikia wewe, nikaanza na chaki, nikarudi kwa mwalimu, nikajikanganya. Bi Khadija aliendelea kuchambua. Nilipofika kwenye kamusi mkono wake ukasimama.

"Uliyua lini?" akaniuliza.

"Siku ile ile, Bi Khadija. Magharibi ilikuwa bado."

"Na ukaya ukala naswi."

"Ndiyo."

Mamako alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Hakunitazama. Miaka yote hii amelala na mimi na hakujua, na hilo nalo itabidi nilijibu, lakini si kwenye barua yako.

"Kila asubuhi alikuwa akiniuliza, leo waniona vipi," akasema Bi Khadija. "Nami namwambia leo afadhali. Kila asubuhi. Kumbe nalimwongopea mume wangu mpaka akafa."

"Wewe hukumwongopea. Mimi ndiye..."

"Nyamaza, Omari."

Tangu nimjue, na tumejuana tukiwa watoto wa chuo cha Kurani, huniita Bwana Omari au Fundi. Akauvuta ungo akaendelea kuchambua, nami nikawa natamani anitukane. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema habari za soko.

"Mimi nitakusamehe. Si leo, lakini nitakusamehe, kwa kuwa nakuyua. Lililo la Athmani silo langu nikusamehe. Wayua yeye asemaye? Miaka tisa asema nduguye alimkataa mpaka kufa. Kwamba Shee aliyua anakufa, na hakumwita. Kila nendapo kumwona huniambia hilo."

Sikuwa najua hayo. Nilidhani kosa langu lilikwisha kaburini, kumbe lilikuwa hai Kiwayu, linakula na kulala na mtu.

"Nitakwenda kumwambia," nikasema.

"Athmani ni mgonjwa. Hajatoka kitandani mwezi huu wote. Boti yangu yaondoka kesho baada ya Alfajiri, mayi ya bahari yakiyaa."

"Kesho Zuhura anasafiri. Ijumaa, Bi Khadija. Ijumaa nitakuja mwenyewe."

Akainua macho, na hayakuwa na hasira, hilo ndilo lililonimaliza. "Mwanao ni mzima," akasema, "na simu anayo. Athmani siyui kama ana Ijumaa."

Basi, mwanangu. Ndege yako inaondoka Manda saa sita mchana, na saa hiyo mimi nitakuwa Kiwayu, nimekaa chini kando ya kitanda cha mtu, nikimweleza kwamba nduguye hakumkataa, kwamba alikuwa akingoja kupata nguvu ili avuke kwake, na kwamba aliyejua nguvu hizo haziji ni mimi. Sijui atanifanya nini. Mamako ameshakubali, amesema niende, na zaidi ya hapo hajasema na mimi. Yeye na shangazi yako ndio watakaokupeleka uwanjani.

Nimeumia. Sitajifanya shujaa kwako. Tangu ulipopata kazi hii nimekuwa nikiifikiria siku ya kesho, nitasimama wapi, nitakuombea dua gani, na kanzu nimeshainyoosha, inaning'inia hapa mbele yangu. Nilitaka kukuona ukipanda. Nilitaka na watu waone kwamba huyu ni binti yangu, kwa kuwa majivuno hayajaniisha. Nawe una haki ya kukasirika, na ukikasirika usiniambie kwamba hujambo na ni sawa tu. Niambie umekasirika.

Nitakuamsha kabla sijatoka. Nitakushika kichwa nikuombee, na najijua, sitaweza kueleza lolote, nitatoka mbio. Ndiyo maana nimekuandikia.

Uwanjani watu watakuuliza babako yuko wapi. Usinitafutie udhuru, wala usiseme ameumwa. Waambie amekwenda Kiwayu kumpa mtu habari aliyokuwa nayo miaka tisa.

Babako,
Omari